Jino liko kinywani, maumivu yako wapi?

Mwaka jana nilimsindikiza mama yangu mdogo kwa daktari wa meno. Alikuwa hajalala usiku wa tatu mfululizo. Daktari akamkalisha kwenye kiti, akavuta taa, akauliza swali wanaloulizwa wagonjwa wote: "Jino lipi, mama?"

"Hili la juu," akajibu, kidole kikiwa kwenye gego. Kisha akasita. "Au hili la chini. Aah, daktari, ni upande wote huu."

Daktari hakushangaa. Niliyeshangaa ni mimi, maana jino lililokukesha siku tatu ungetarajia ulijue kama unavyojua mlango wa nyumba yako. Tulipotoka nje kusubiri eksirei, mama mdogo akanigeukia: "Mwanangu, si kuna ile mashine inayoona maumivu kichwani? Ile ya kwenye simu, daktari anavaa miwani anauona ubongo unawaka. Kwa nini wasiniwekee hiyo?"

Video za namna hiyo nimetumiwa zaidi ya mara moja, na kila mara zinakuja na maelezo yake. Mmoja anasema mashine hiyo inaondoa maumivu bila sindano. Mwingine anasema itatumika kuwaumbua wanaojifanya wagonjwa ili wapewe ruhusa kazini. Wa tatu anaichukua kama ushahidi kwamba maumivu ya jino "yako kichwani tu", yaani mtu anajiendekeza. Ukweli kidogo umo katika kila dai, lakini umechanganywa na pumba kiasi kwamba inabidi tupepete.

Tuanze na majina, kwa kuwa mtu akisema "nilipigwa picha" huenda anazungumzia vitu vitatu tofauti.

Eksirei ya meno inaonyesha vitu vigumu: jino, mzizi, mfupa wa taya. Tundu linaonekana, mfupa ulioliwa na usaha chini ya mzizi unaonekana, gego la mwisho lililolala ubavu linaonekana. Maumivu hayaonekani. Kuna tundu la kutisha ambalo mwenyewe halimsumbui, na kuna jino linaloonekana zima kabisa huku mwenye nalo analia.

MRI haitumii mionzi kama eksirei. Inatumia sumaku kali na mawimbi ya redio, na kazi yake ni kuonyesha vitu laini: ubongo, neva, mishipa ya damu. Sumaku za mashine nyingi za hospitali zina nguvu ya tesla 1.5 au 3. Hiyo ya 3 ni kama mara 60,000 ya nguvu ya sumaku ya dunia inayogeuza mshale wa dira. Picha yake ni ya umbo. Inakuambia kitu kipo, kimevimba, au kimebanwa. (Na hapa niondoe hofu moja inayozunguka mitaani: mashine hii haing'oi meno yaliyozibwa. Madini yanayotumika kuziba meno hayavutwi na sumaku. Nyaya za kunyoosha meno zinaweza kuharibu picha, basi. Meno ya bandia ya kuvua unayaacha nje.)

Ya tatu ndiyo ya kwenye video, MRI ya utendaji, ambayo watafiti huiita fMRI. Mashine ni ile ile, ila swali limebadilika. Mwaka 1990 Seiji Ogawa, mwanasayansi Mjapani aliyekuwa akifanya kazi katika maabara za Bell nchini Marekani, alionyesha kwamba mashine inaweza kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na damu iliyokwisha kuishusha. Sehemu ya ubongo ikianza kufanya kazi, mwili unaipelekea damu mpya, tena nyingi kuliko mahitaji. Mashine inaiona tofauti hiyo.

Mwenye mita ya LUKU atanielewa haraka. Uko sebuleni, unatazama mita, uniti zinakimbia ghafla. Unajua kuna chumba kimewasha kitu kikubwa. Hujui kama ni pasi au jiko, na hujui nguo ya nani inapigwa pasi. Ndivyo fMRI ilivyo: inasoma matumizi, haisomi mawazo. Tena inasoma kwa kuchelewa, kwa sababu damu huchukua kama sekunde tano kufikia kilele baada ya kazi kuanza. Na zile rangi nyekundu na njano? Hakuna kinachowaka. Kompyuta imefanya hesabu, ikapaka rangi mahali ambapo hesabu imevuka kiwango kilichowekwa na mtafiti.

Neno "maumivu" lenyewe nalo linahitaji kuwekwa sawa. Chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu, IASP, kilirekebisha tafsiri yake mwaka 2020. Kwa maneno yangu, kinasema maumivu ni hisia isiyopendeza, ya mwili na ya moyo kwa pamoja, inayohusishwa na madhara ya mwili yaliyopo au yanayoweza kutokea, au inayofanana na hiyo. Angalia kilichomo: mwili na moyo. Angalia pia kwamba si lazima madhara yaonekane ndipo maumivu yahesabiwe kuwa ya kweli.

Kwa hiyo jino halina maumivu. Jino lina habari. Ndani ya kila jino kuna kiini laini chenye neva na mishipa ya damu. Kiini kikishambuliwa, neva hutuma taarifa. Mfikirie mlinzi getini anayempigia simu mwenye nyumba usiku: mlinzi ametoa taarifa, lakini anayeamka, anayetetemeka, anayeamua kuwasha taa zote au kulala tena, ni mwenye nyumba. Maumivu ni ile hali ya mwenye nyumba. Na ubongo huo huo unaotengeneza maumivu ya mwili mzima wenyewe hauumi ukiguswa, ndiyo maana madaktari wa upasuaji wanaweza kuufanyia kazi mgonjwa akiwa macho, akizungumza nao.

Hapo ndipo mama mdogo anapoingia. Kwa nini alishindwa kutaja jino?

Meno yote, ya juu na ya chini, hutumia neva moja kubwa ya uso iitwayo trijemino, moja kila upande. Ina matawi matatu: moja la eneo la jicho na paji, moja la taya la juu, moja la taya la chini. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Erlangen nchini Ujerumani, Clemens Forster akiwa miongoni mwao, walichapisha jaribio walilolifanya kwa watu wazima wenye afya. Waliwatia maumivu ya kiasi kwenye meno, mara chonge la juu, mara chonge la chini, la upande ule ule, wakiwa ndani ya mashine ya fMRI. Ramani za ubongo zilizotoka kwa meno hayo mawili zilikaribia kufanana. Ubongo ulijua kuna jino linauma. Juu au chini, ushahidi wake ulikuwa hafifu.

Simama ghorofani Kariakoo uangalie watu wanaoshuka kwenye daladala. Wa Mbagala na wa Gongo la Mboto walipanda vituo tofauti, wakapita barabara tofauti, lakini wakishashuka ni umati mmoja. Habari za taya la juu na la chini nazo hukutana kwenye vituo vya shina la ubongo kabla ya kupanda juu.

Madaktari wa meno walilijua jambo hili kwa uzoefu kabla ya mashine. Wanajua pia kanuni mbili zinazosaidia. Maumivu ya jino mara chache huvuka kutoka upande wa kulia kwenda wa kushoto, kwa kuwa kila upande una neva yake. Na ugonjwa ukiwa bado ndani ya kiini, mgonjwa hubahatisha. Ukishatoka kwenye ncha ya mzizi ukafika kwenye nyuzi zinazolishikilia jino kwenye mfupa, anaonyesha kwa kidole kimoja bila kukosea. Nyuzi hizo ni stadi wa kuhisi mahali. Ndizo zinazokuambia umetafuna chembe ya mchanga kwenye wali, na kwa jino lipi.

Upande mwingine wa jambo hili ni hatari. Ikiwa habari zinachanganyika ndani ya taya, zinaweza pia kuchanganyika na za nje. Uvimbe kwenye uwazi wa mfupa wa shavu wakati wa mafua makali huleta maumivu kwenye magego ya juu. Moyo unaokosa damu unaweza kuuma tayani. Mtu anayeumwa taya, hasa kifua nacho kikiwa kizito, jasho likimtoka, pumzi ikikatika, asipoteze muda kutafuta jino.

Wale wanaoulizia "kitovu cha maumivu" kwenye ubongo watasikitika. Hakipo. Maumivu ya jino huamsha mtandao. Kuna thalamasi, ambayo ni kama mapokezi ya habari za hisi. Kuna gamba la hisi, linalopima wapi na kiasi gani. Kuna insula, iliyofichika ndani ya mkunjo wa ubongo, inayofuatilia hali ya mwili. Kuna singuleti ya mbele, yenye mkono katika ule ubaya wa maumivu, ile "nitolee hiki kitu sasa hivi". Maeneo hayo hufanya pia kazi nyingine zisizo na uhusiano na maumivu, jambo ambalo video za simu hazisemi.

Na kwa nini kitu kidogo kama jino kinafunika dunia nzima? Daktari wa upasuaji Wilder Penfield, aliyefanya kazi Montreal, Kanada, alichora ramani ya gamba la hisi kwa kuugusa ubongo wa wagonjwa waliokuwa macho, akaichapisha mwaka 1937. Ukimchora mtu kwa vipimo vya ramani ile unapata kiumbe cha ajabu: mgongo mwembamba, miguu midogo, mikono mikubwa, midomo na ulimi vilivyojaa uso. Kinywa kimegawiwa eneo kubwa kupita ukubwa wake. Wakati kidonda cha mgongoni unaweza kukisahau ukipiga soga, cha kinywani hakisahauliki.

Sasa tuje kwenye lile dai linaloniudhi: "yako kichwani tu". Kama maumivu yanatengenezwa ubongoni, basi ni ya kufikirika, sivyo? Hapana. Maumivu yote yanatengenezwa ubongoni, ya kuungua, ya uzazi, ya kuvunjika mguu. Kusema yako kichwani ni kutaja yalipo, kama kusema picha ya runinga iko kwenye skrini.

Ushahidi mzuri kuliko wote juu ya hili ulitoka kwenye meno, kabla hata fMRI haijagunduliwa. Mwaka 1978 Jon Levine, Newton Gordon na Howard Fields wa San Francisco walichapisha utafiti juu ya watu waliong'olewa magego ya mwisho. Baadhi yao walipewa dawa tupu, ile ambayo watafiti huiita plasebo, wakidhani huenda ni dawa ya maumivu, na kuna waliopata nafuu. Unaweza kusema walijidanganya. Lakini watafiti walipowapa naloksoni, dawa inayofunga mwilini milango ya morfini, ile dawa kali ya maumivu, nafuu ile ikapungua. Kama ilikuwa ni uongo tu, uongo haufungwi kwa dawa. Maana yake ubongo ulikuwa umemimina dawa yake yenyewe, ya jamii ya morfini, kwa sababu ulitarajia kupona. Miaka ya baadaye fMRI ilionyesha wenzo huo ukifanya kazi: matarajio ya nafuu hupunguza shughuli kwenye insula na singuleti, na sehemu za mbele za ubongo hutuma amri za kushuka hadi kwenye shina kuzuia habari zisipande.

Halafu kuna utafiti wa mwaka 1985 wa Richard Gracely na wenzake, nao juu ya magego ya mwisho, ambao kila nikiufikiria nakaa kimya kidogo. Wagonjwa waliambiwa wanaweza kupewa dawa kali ya maumivu, au plasebo, au naloksoni. Waliotoa dawa, kwa kundi moja, walijua kwamba dawa kali haimo kabisa. Kwa kundi la pili walijua huenda ikawamo. Wagonjwa hawakuambiwa tofauti hiyo. Waliopata plasebo katika kundi la pili walipata nafuu zaidi ya wenzao wa kundi la kwanza. Kitu sawa, sindano sawa. Kilichotofautiana ni alichokuwa anakijua mtoa dawa. Sijui aliwasilishaje: kwa macho, kwa sauti, kwa mkono uliotulia. Ila daktari anayekushika taya huku anaongea na simu, nadhani tayari amekunyima sehemu ya dawa.

Matarajio hufanya kazi upande wa pili pia. Hofu ya meno ina alama zake. Mwaka 2013 kundi la Hiroyuki Karibe wa Nippon Dental University, Japan, liliwasilisha matokeo ya watu waliosikilizishwa mlio wa keekee ya meno wakiwa ndani ya mashine. Kwa wasio na hofu, yaliyoitikia zaidi ni maeneo ya kusikia, kama kwa mlio wowote. Kwa wenye hofu, liliitikia zaidi eneo la ndani linalohusishwa na kujifunza na kukumbuka. Mlio kwao si mlio, ni kumbukumbu. Ndiyo maana vitu vinavyoonekana vya kitoto, kama kuvaa spika za masikioni au kukubaliana na daktari kwamba ukiinua mkono anasimama, vina maana kubwa kuliko vinavyoonekana.

Tuirudie video ya mama mdogo, kwa sababu ina asili ya kweli. Mwaka 2019 kundi la Alexandre DaSilva wa Chuo Kikuu cha Michigan nchini Marekani lilichapisha jaribio lililofanyika kwenye kiti cha daktari wa meno, si ndani ya sumaku. Wagonjwa 21 wa kujitolea walivaa kofia yenye vihisio vinavyopenyeza mwanga wa karibu na mwekundu kupitia ngozi na fuvu. Zima taa usiku, weka tochi ya simu nyuma ya vidole vyako: vinang'aa wekundu. Mwanga unapita mwilini, na kiasi kinachorudi kinategemea damu iliyomo na oksijeni yake. Watafiti waliyagusisha meno ya wagonjwa kitu cha baridi, wakaifundisha kompyuta kutambua alama za ubongo wakati wa maumivu na wakati usio na maumivu. Daktari aliyevaa miwani maalumu aliona mchoro wa ubongo ukielea mbele yake.

Mashine ilipatia karibu asilimia 70.

Ipime idadi hiyo kwa utulivu. Anayerusha sarafu anapatia asilimia 50. Kwa hiyo 70 ni hatua ya kweli, na ni ya kusisimua kwa sababu kuna watu wasioweza kujibu "jino lipi": mtoto mdogo, mzee aliyepoteza kumbukumbu, mgonjwa aliye kwenye usingizi wa dawa. Lakini kati ya mara kumi inakosea mara tatu, na lile lilikuwa jaribio la watu wachache, maumivu ya aina moja, mazingira yaliyodhibitiwa. Na kofia hiyo inaangalia uso wa nje wa ubongo tu. Insula na thalamasi ziko ndani mno kwa mwanga wake.

Kuhusu kuwaumbua wanaojifanya: wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na sayansi haijawapinga. Mwaka 2013 Tor Wager na wenzake waliwasilisha alama ya fMRI iliyotofautisha joto linalouma na joto la kawaida kwa zaidi ya asilimia 90. Watu wengi walidhani hicho ndicho kipimajoto cha maumivu. Lakini ilikuwa ni kwa maumivu ya muda mfupi ya watu wenye afya, na maumivu sugu yana sura nyingine. Mwaka 2017 jopo la wataalamu la IASP lilitoa msimamo kwamba picha za ubongo hazifai kutumika mahakamani au kwenye bima kumthibitishia mtu kwamba anaumwa au haumwi.

Sababu ya tahadhari hiyo ina kisa chake, cha samaki. Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake nchini Marekani walimweka salmoni kwenye mashine ya fMRI, wakamwonyesha picha za watu, wakamwuliza watu hao wana hisia gani. Samaki alikuwa amekufa. Walipochambua matokeo bila masahihisho ya hesabu, doa la rangi likatokea ndani ya kichwa cha marehemu. Mwaka 2012 wakapewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti unaochekesha kwanza kisha ukafikirisha. Somo la hesabu ni rahisi: ubongo kwenye picha hugawanywa vipande vidogo maelfu kwa maelfu, na kila kipande kinaulizwa swali. Uwajaze watu 60,000 Uwanja wa Benjamin Mkapa, kila mmoja arushe sarafu mara kumi. Takriban 60 watapata kichwa mara zote kumi bila uchawi wowote. Ukiwapiga picha hao 60 peke yao, una habari ya gazeti.

Je, kuna lililokwisha kumfikia mgonjwa? Lipo, na la uhakika zaidi limetoka kwa MRI ya kawaida, ile isiyo na rangi za kuvutia.

Kuna ugonjwa wa neva ya trijemino ambao maumivu yake huja kama shoti ya umeme, sekunde chache, upande mmoja wa uso, yakiamshwa na kupiga mswaki, kutafuna, kuzungumza, hata upepo. Wagonjwa huapa ni jino. Wengine wameng'olewa jino, kisha la pili, la tatu, na shoti ikabaki pale pale. MRI ikielekezwa kwenye shina la ubongo mara nyingi inaonyesha mshipa wa damu umeigandamiza neva hiyo pale inapotokea. Tiba ya kwanza ni kabamazepini, na hapa familia huchachamaa: "Amekwenda na jino kapewa dawa ya kifafa!" Ndiyo, ni dawa ile ile, inatuliza neva inayofyatua ovyo, kichwani au usoni. Dawa ikishindwa, kuna upasuaji wa kuutenganisha mshipa na neva kwa kuweka kipande laini katikati, njia iliyoendelezwa na Peter Jannetta wa Marekani tangu miaka ya 1960.

Kuna pia maumivu yanayobaki baada ya jino kuondoka. Jino la pembe si dawa ya pengo, tunasema. Kuna watu ambao pengo lenyewe linauma. Tundu limepona, eksirei safi, daktari haoni kitu, mgonjwa anaumwa mwezi wa sita. Tafiti za picha kwa watu wenye maumivu sugu ya uso zimeonyesha kwamba mtandao ule wa maumivu hufanya kazi tofauti na wa watu wengine, kana kwamba mwenye nyumba amezoea kuamka hata mlinzi asipopiga simu. Jambo la vitendo ni hili: kung'oa jino la jirani hakusaidii, na mara nyingi huongeza. Zinazotumika ni dawa za neva, kama amitriptilini kwa dozi ndogo, na mazoezi ya kuutuliza mwili na akili. Katika vituo vichache duniani wanajaribu kuuchochea ubongo kwa sumaku au umeme hafifu kupitia fuvu, wakilenga mahali palipotambuliwa kwa picha.

Lakini nikiulizwa ni picha gani ya ubongo kila mzazi wa Afrika Mashariki anapaswa kuijua, sitataja yoyote kati ya hizo. Nitataja ya Oxford.

Huku kwetu kuna "meno ya nailoni". Mtoto mchanga anaharisha au ana homa, bibi au jirani anafungua kinywa chake, anaona fizi imetuna na kuna weupe pale chonge litakapoota. Anaitwa mganga, anachimbua vichipukizi vya meno kwa kitu chenye ncha, wakati mwingine spoku ya baiskeli, bila ganzi. Desturi hii ipo Tanzania, Uganda, Kenya, Ethiopia na Sudan, na madhara yake yanajulikana: kutokwa damu, pepopunda, maambukizi, meno ya ukubwani kuharibika. Ule weupe ni chonge la utoto linalojiandaa kuota. Utetezi unaosikika ni kwamba mtoto wa umri ule "hasikii sana". Tusiwacheke waganga peke yao. Hadi miaka ya 1980 hata hospitali za nchi tajiri ziliwahi kuwapasua watoto wachanga kwa dawa kidogo sana za maumivu, kwa imani hiyo hiyo.

Mwaka 2015 kundi la Rebeccah Slater wa Chuo Kikuu cha Oxford liliwaweka kwenye fMRI watoto wachanga 10, wa siku moja hadi sita, wakiwa wamelala, wakawagusa nyayo kwa kijiti maalumu kisichoumiza kiasi cha kuwaamsha. Watu wazima 10 wakafanyiwa vivyo hivyo. Kati ya maeneo 20 ya ubongo yaliyoitikia kwa watu wazima, 18 yaliitikia kwa watoto. Na mguso mdogo kwa mtoto ulileta mwitikio kama wa mguso wenye nguvu mara nne kwa mtu mzima. Ile ilikuwa nyayo, na kijiti butu.

Mama mdogo hakupata miwani wala kofia. Daktari alichukua pamba iliyopoozwa, akaigusisha kwenye jino moja moja, akihesabu. Magego ya juu: baridi ya kawaida, inakuja inapita. La chini la pili kutoka mwisho: akaruka kwenye kiti, na maumivu yakaendelea muda mrefu baada ya pamba kuondolewa. Kisha akagonga kila jino taratibu kwa mpini wa kioo chake. Eksirei ikaonyesha tundu refu limeingia chini ya jino lile, mahali ambapo jicho halifiki.

Sindano ya kwanza ya ganzi haikushika vizuri, kama inavyotokea kwa jino la chini lililowaka. Ilibidi aongezewe ya pili. Tukangoja. Harufu ya mafuta ya karafuu, ambayo madaktari wa meno bado wanaichanganya kwenye dawa zao, ilikuwa imejaa chumbani.

"Na lile la juu?" daktari akauliza. "Bado linauma?"

Mama mdogo akapitisha ulimi juu, taratibu, akilitafuta. Mdomo ulikuwa umekufa ganzi upande wa chini tu.

"Limeacha," akasema. "Na wala hukuligusa."